Chungu Kitupu Katikati ya Miwa

Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja wa kundi letu la mageuzi mbele ya wakulima wa miwa, magharibi mwa Kenya



Hatukuja kuomba kura wala kukinadi chama. Tumekuja kuzungumzia jambo ambalo katika mikutano ya siasa hutajwa kwa haraka kisha likaachwa, nalo ni chakula, na ni nani mwenye kauli juu ya chakula hicho.

Wazee wetu walipodai mfumo wa vyama vingi, hata kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kikafutwa mwezi wa Desemba 1991, walitaka mwananchi awe na hiari ya kuchagua. Hiari hiyo imo katika sheria. Lakini mama aliyewalaza watoto kwa chai ya rangi, akijiwa usiku wa kuamkia uchaguzi na mtu mwenye paketi mbili za unga, ana hiari gani? Njaa mwana malegeza, walisema wahenga. Mwenye kuishika sufuria ya mtu ameushika pia mkono wake wa kupigia kura. Kwa hiyo twasema kwamba suala la chakula ni suala la mageuzi, wala si la Wizara ya Kilimo peke yake.

Tuitazame nchi hii ya miwa. Udongo wake una rutuba na mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka. Hapa palilimwa wimbi, mtama, mihogo, viazi vitamu, kunde na njugu mawe. Kiwanda cha Miwani kilianza enzi ya ukoloni. Baada ya Uhuru vikafuata Muhoroni na Chemelil, Mumias ikaanza kusaga mwaka 1973, na kabla ya mwongo ule kwisha zikawapo Nzoia na South Nyanza. Nia ilikuwa njema: taifa lijitosheleze kwa sukari na mkulima ashike fedha. Kwa miaka kadhaa fedha zilionekana. Karo ililipwa, mabati yakachukua mahali pa nyasi. Hatuyakanushi hayo.

Hata hivyo, mmea huu una tabia zake. Muwa hukaa shambani miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa. Katika muda huo shamba lile lile lingetoa mahindi na maharagwe misimu mitatu au minne. Tena mkataba wa kawaida haukomei kwenye muwa wa kwanza. Hufunga na machipukizi yanayofuata, hivi kwamba aliyetia sahihi ameikabidhi ardhi yake kwa miaka mitano au zaidi. Mwenye ekari nyingi aweza kustahimili. Mwenye ekari mbili, akizipanda zote miwa, amejigeuza mnunuzi wa chakula juu ya udongo wake mwenyewe.

Nasi tulio katika kazi ya sheria twajua mikataba hiyo ilivyoandikwa. Aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na mkulima huenda asipewe nakala. Kiwanda hulima, huleta mbegu na mbolea, hukata, husafirisha, na hupima uzani kwa mizani yake chenyewe. Kisha gharama zote, pamoja na riba, hukatwa kwenye malipo. Muwa ukichelewa kukatwa, hukauka na kupungua uzani, na hasara ni ya mkulima. Wako waliongoja miaka miwili, kisha wakapokea hati isemayo kwamba wao ndio wanaodaiwa! Mkataba ambao upande mmoja hulima, hupima, hukadiria na hulipa, na upande wa pili hungoja tu, ni mkataba kwa jina.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume tuliomo hapa twapaswa kulisikia. Anayetia sahihi ni mwenye jina kwenye hati ya ardhi, na mara nyingi huyo ni mume. Anayetakiwa kupata cha kuinjika jioni ni mke. Fedha za miwa huja kwa mkupuo mmoja na hupokelewa na mmoja. Chakula hutakiwa kila siku na hudaiwa kwa mwingine. Mwaka 1987 watafiti Eileen Kennedy na Bruce Cogill walichapisha uchunguzi wao kuhusu wakulima wa miwa wa kusini mwa Nyanza. Walikuta kwamba mapato ya jamaa zilizolima miwa yalikuwa yamepanda, lakini afya na lishe ya watoto wadogo haikupanda kwa kadiri hiyo. Sukari haisongwi ugali.

Kisha tuliona mwisho wake. Mumias, iliyokuwa fahari ya nchi, ilitiwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Waliokuwa wamelima kunde na mihogo pembeni walipata pa kushikia. Waliokuwa wamepanda miwa hadi mlangoni walibaki na miwa isiyo na wa kuinunua, na duka lisilokopesha. Mwaka 2025 Serikali ilikodisha Nzoia, Chemelil, Muhoroni na South Nyanza kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa na watoto wake kabla ya muda huo kwisha. Je, wanakijiji wangapi wameiona mikataba hiyo?

Mwaka 1996, mjini Roma, vyama vya wakulima wadogo vya nchi nyingi, vikiongozwa na La Via Campesina, vilitangaza wazo la mamlaka ya wananchi juu ya chakula chao. Wazo hilo si sawa na kutosheka kwa chakula. Mfungwa gerezani aweza kutosheka, lakini hachagui anachopewa, wala siku ya kupewa. Mamlaka ni jamii yenyewe kuamua ipande nini, kwa mbegu zipi, kwa ajili ya nani, na kiasi gani kiende sokoni baada ya nyumba kushiba.

Sheria haituachi mikono mitupu. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni mwaka 1972. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kifungu cha 22 chamruhusu mwananchi kwenda mahakamani haki yake inapovunjwa, na hatozwi ada ya kufungua kesi hiyo.

Basi twapendekeza mambo matano.

Kwanza, kila mkataba wa miwa uandikwe kwa lugha anayoielewa mkulima, naye apewe nakala siku ile ile.

Pili, mkataba utaje sehemu ya shamba itakayobaki ya chakula, na sehemu hiyo isiguswe hata kwa deni.

Tatu, mke na mume wakubaliane kwa maandishi kabla ya ardhi ya jamaa kufungwa kwa miwa.

Nne, wakulima wawe na shahidi wao kwenye mizani, na malipo yanayochelewa yatozwe riba kama madeni ya mkulima yanavyotozwa.

Tano, vyama vyenu vya ushirika viandike barua, kwa kutumia Kifungu cha 35, kuomba mikataba ya ukodishaji wa viwanda. Mkinyimwa, tutakwenda mahakamani pamoja nanyi.

Hatuwaambii mng'oe miwa. Miwa ni zao kama mazao mengine, na mwenye shamba ana haki ya kuuza. Twasema tu kwamba ghala litangulie kiwanda. Atakapokuja tena mwombaji wa kura na ahadi ya kufufua viwanda, pamoja na paketi yake ya unga, akute nyumba yenye akiba. Mtu aliyekula chake humsikiliza mgombea kwa makini, humwuliza maswali, na hupiga kura apendavyo.