Kuanika Korosho na Heshima ya Chama

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika na makatibu na wanachama, Likombe)



Nimeulizwa mara nyingi: je, namna ya kuanika korosho hubadilisha kweli ubora wake, au hivyo ni visingizio vya wanunuzi? Jibu langu ni kwamba hubadilisha, na tena hugusa uaminifu baina yetu.

Wenzetu wa Songea na Namtumbo walijua jambo hili katika tumbaku yao ya moshi: jani likikaushwa vibaya hupoteza harufu, rangi na bei. Korosho ni vivyo hivyo. Ikiingia ghalani ingali na maji, hupata joto, huota ukungu, na kiini huingia madoa. Ikikauka kupita kiasi, kiini huvunjika upesi katika kubanguliwa, na kiini kizima kina bei kuliko vipande. Unyevu unaofaa ni asilimia 8 hadi 10.

Wako wanaodhani kwamba korosho mbichi huleta faida ya uzito. Natufanye hesabu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 16 zina kilo 84 za korosho yenyewe. Zilizosalia ni maji. Zikikauka hadi asilimia 9, zitapima kilo 92 na kidogo. Karibu kilo 8 zimekwenda angani. Ikiwa chama kimekwisha kumwandikia mkulima kilo 100, nani atazilipa zile 8?

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, mzigo hupimwa chamani, kisha hupimwa tena katika ghala kuu kabla ya mnada. Tofauti ya mizani hizo mbili ndiyo tunayoiita unyaufu, nayo hukiangukia chama. Katika chama kimoja, nisichokitaja, wanachama walimwita karani wa mizani mwizi mbele ya mkutano mkuu. Nilikagua vitabu na mizani, sikuona wizi. Mwizi alikuwa maji. Lakini karani yule alikwisha kuacha kazi kwa aibu.

Kwa hiyo nawaomba tushike haya. Okota korosho zilizoanguka zenyewe, na utenge bibo siku ile ile. Chambua korosho changa na zilizooza. Anika juu ya jamvi, turubai au sakafu safi, wala si mchangani, kwa siku mbili au tatu za jua kali, ukizigeuza mara kwa mara. Jioni zifunike, kwa kuwa umande wa pwani yetu ni mwingi. Zikipoa, zitie katika magunia ya katani, si mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, na uyapange juu ya chaga, mbali na ukuta.

Ndugu Makatibu, msipokee kwa kuoneana haya. Bonyeza ganda kwa ukucha: likiingia alama, korosho haijakauka. Itikise: iliyokauka hutoa mlio. Ikiwa mbichi, mrudishie mwenyewe kwa adabu, hata akiwa mjomba wako au mjumbe wa bodi. Atakasirika leo. Lakini gunia moja bichi likichanganywa na mengine huweza kuushusha mzigo wote kuwa daraja la pili, na hapo hasara itakuwa ya wote, pamoja na mjane aliyeanika zake vizuri.