Mashariki au Magharibi? Saa ya Mwili kwa Wanaosafiri Ng'ambo

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vijana wanaojiandaa kusafiri, pamoja na wazazi wao)

 

Kijana wa Kericho au Bomet anapokwenda ng'ambo, tunamuuliza kuhusu pasipoti, viza na koti la baridi. Leo nawaomba tuongeze swali moja: anaelekea upande gani?

Mzee wetu Wilson Kiprugut Chuma alizijua pande zote mbili. Mwaka 1964 alikwenda mashariki hadi Tokyo, akarudi na shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Mwaka 1968 alikwenda magharibi hadi Mexico, akapata fedha. Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6. Jiji la Mexico liko nyuma yetu kwa saa 9.

Ndani ya ubongo kuna saa ndogo inayopanga usingizi, njaa na joto la mwili. Inarekebishwa na mwanga, kama sisi Waswahili wa kuhesabu saa kuanzia mapambazuko. Kwa watu wengi, saa hiyo ikiachwa bila mwanga huzidi kidogo saa 24 kwa siku. Ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kulala mapema. Ukienda magharibi siku inarefuka na mwili unakubali. Ukienda mashariki siku inafupishwa na mwili unagoma. Kwa kawaida mwili hujirekebisha kwa takriban saa 1 kila siku ukielekea mashariki, na saa 1 na nusu ukielekea magharibi.

Tokyo ikifika saa nne usiku, hapa ni saa kumi jioni, na majani ya chai bado yanapimwa. Usingizi utatoka wapi? Siku za kwanza epuka jua kali la asubuhi mapema, kisha toka nje kuanzia kama saa tano hadi alasiri.

Boston mwezi wa Aprili iko nyuma yetu kwa saa 7. Saa tatu usiku huko ni saa kumi alfajiri hapa. Utasinzia mapema na kuamka usiku wa manane. Kaa kwenye mwanga wa jioni, usilale kabla ya giza.

Wanaokwenda Doha au Riyadh hawana shida hii, kwani saa zao ni sawa na zetu. Dubai na Muscat zimetutangulia kwa saa 1 tu. Uchovu wa huko ni wa safari, pumzikeni, utaisha.

Sasa neno zito. Wiki ya kwanza ugenini, usikimbilie usukani wala mashine usiku ambao mwili unadhani ni wa kulala, au mchana ambao nyumbani ni usiku. Kusinzia hakuombi ruhusa. Anayetumia insulini amwone daktari kabla ya safari, apangiwe saa za dawa.

Nanyi wazazi, mtoto asipopokea simu saa mbili asubuhi, msimlaumu. Boston ni saa saba usiku. Mwacheni alale.