Enaiposha

Ninyi wa Kajiado mwaijua orkaria, rangi nyekundu wanayojipaka morani. Tangu mwaka 2023 hilo ni jina la nyota pia, nyota ndogo nyekundu; na sayari yake yaitwa Enaiposha, yaani maji mengi kama ziwa. Majina hayo ya Kimaasai yalipendekezwa na Wakenya.

Je, maji yamo kweli? Hapafikiki, nuru ya huko hutumia miaka kama 48 kutufikia. Wataalamu hungoja sayari ipite mbele ya nyota yake, kila baada ya saa 38 hivi. Hapo nuru kidogo hupenya katika hewa yake, na kila gesi humeza rangi zake. Rangi zinazokosekana ndizo habari.

Kwa miaka mingi waliona utando mzito tu, kama mchungaji wa Kitengela atazamaye vumbi mbali asijue ni ng'ombe au lori. Mwaka 2023 yakatangazwa matokeo ya darubini ya Webb kuhusu joto lake: mchana, nyuzi 280 hivi za Sentigredi. Mvuke wa maji huenda umo. Lakini silanga ya kunyweshea ng'ombe, la.