Bahasha Juu ya Meza

Bwana mmoja wa hapa Kaloleni alinijia na ombi. Alitaka nimwandikie mkubwa fulani barua, ili kijana wake apate kazi serikalini. Kuomba si dhambi. Lakini alipoweka bahasha nene mezani, akasema ni chai ya mkubwa, kalamu ilinilemea.

Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg nayo iliiandikia Wizara ya Fedha. Iliomba iwe peke yake katika kuuza dhahabu na almasi ng'ambo, tena ilipwe fidia ya asilimia 35 ya mauzo, hali sheria ilitaja 20. Ikakubaliwa. Na Kenya, ndugu zangu, haina almasi za kuuza! Mabilioni ya shilingi yakatoka, huku sisi wa Eastlands tukihesabu senti za unga.

Karani wa Benki Kuu, David Munyakei, aliziona karatasi zile, akawapa wabunge. Mwaka 1993 alikamatwa, akapoteza kazi. Alikufa mwaka 2006, akiwa maskini.

Nabii Samweli, katika uzee wake, aliwaambia Waisraeli wamshtaki hadharani kama alipata kupokea rushwa. Hakuna aliyekuwa na neno. Ni wazee wangapi wetu wangethubutu?

Yule bwana nilimrudishia bahasha yake. Barua niliandika, nikataja alama za mtihani za kijana basi, nikamsomea mlango ukiwa wazi. Hajarudi kanisani tangu siku ile. Tumwombee, yeye na mwanawe, ambaye bado anatafuta kazi.