Waliofyeka Msitu Huu



Jina la mahali petu latosha kutukumbusha asili. Gatitu, kwa Kigikuyu, maana yake ni msitu mdogo. Wazee wetu walipotoka pande za Murang'a, wakavuka mto Gura na kuja kaskazini, walikuta miti mikubwa mahali penye mashamba leo. Mtu na jamaa zake walifyeka, wakachoma magugu, wakapanda mtama na njahi, na mipaka wakaitia alama kwa miti na maua ya itoka. Ardhi ile ikawa githaka chao, na wazao wake wakawa mbari, wakiitwa kwa jina lake.

Lakini tusidhani kwamba mwanzilishi alifanya kazi peke yake. Wake zake walilima. Ahoi walipewa mahali pa kulima bila kodi, nao wakaleta pombe wakati wa mavuno na kusaidia kujenga. Tena muramati, msimamizi wa githaka, hakuwa na haki kupita nduguze. Aliwekewa amana tu.

Mwaka 1932 Serikali ya kikoloni iliweka Tume ya Ardhi chini ya Sir William Morris Carter. Wazee wa Kigikuyu walifika mbele yake wakaeleza jinsi mbari zao zilivyopata ardhi, na ushahidi ukapigwa chapa mwaka 1934. Hati yao ilikuwa kumbukumbu.

Katika miaka ya 1950 mashamba yalikusanywa, yakapimwa, yakaandikwa kwa majina ya wenyewe. Hati ina faida, wala hatuikatai. Lakini haisemi ni nani aliyefyeka, wala ni nani aliyeshika amana kwa ajili ya nduguze, wala ni muhoi gani aliyebaki hana mahali. Kwa hiyo twaona ndugu wa tumbo moja wakishitakiana, na hakuna kati yao awezaye kumtaja babu wa babu yake.

Mwacha asili ni mtumwa. Twawaomba basi, kila nyumba inunue daftari moja, na vijana waketi na wazee waandike majina: ya waanzilishi, ya wake zao, na ya ahoi waliowasaidia. Tukutanapo mwakani, madaftari hayo yasomwe mbele yetu sote, wazee wangali hai wa kuyasahihisha.