Muswada Ukiwa Bado Njiani

(Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa Kasulu na wenzao waliotoka Kibondo. Twaichapa kama ilivyosemwa.)



Nimeombwa niseme juu ya sheria zinazogusa halmashauri zetu na nyumba zetu. Najua neno hili sheria likitajwa wengine husinzia, wakidhani ni mambo ya mawakili. Hebu basi tuhesabu pamoja ni mara ngapi karatasi iliyoandikwa mbali imefika mlangoni petu hapa Buha, na mwenye nyumba akawa wa mwisho kuijua.

Mwaka 1897 Wadachi walitoa tangazo la kodi ya nyumba. Mwaka 1921 Wabelgiji waliokuwa wameshika Kigoma wakaondoka, wakaja Waingereza, na kodi ikaendelea. Fedha ya kuilipa haikupatikana huku milimani, kwa hiyo kijana aliitafuta kwenye mkonge. Baadaye ofisi ya SILABU, iliyoundwa mwaka 1944 na wenye mashamba ya mkonge, ikawa inaandikisha manamba Kasulu na Kibondo na kuwapeleka Tanga na kwingineko. Wako watu mpaka leo husema Waha wanapenda kusafiri. Hawakupenda kusafiri. Walidaiwa kodi ya nyumba ya nyasi.

Katika miaka ya 1930 Bwana Shauri akawakusanya watu katika makao mapya kwa ajili ya malale. Malale ni maradhi kweli, wala simlaumu mtu kwa kuyaogopa. Lakini aliyeacha shamba la babu yake hakuulizwa neno. Tena mwaka 1963, sisi wenyewe tukiwa tumekwisha kujitawala, utemi ulifutwa kwa sheria. Heru iliyokuwa na Mwami Theresa Ntare, na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, zote zikaingia chini ya halmashauri za wilaya. Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi.

Sasa sikilizeni jambo la mwaka 1972. Mwaka huo Operesheni Kigoma ilianza, watu wakahamishiwa vijijini. Na mwaka huohuo, kuanzia mwezi wa Julai, halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa sheria ya madaraka mikoani, na kazi zake wakapewa maofisa. Yaani katika siku zile ambazo mtu wa Kasulu alikuwa na hitaji kubwa la diwani wa kumwuliza, “Nyumba yangu itakuwaje? Migomba yangu je?”, diwani hakuwapo. Halmashauri hazikurudi ila mwaka 1984, kwa nguvu ya sheria tatu za mwaka 1982: Namba 7 ya wilaya, Namba 8 ya miji, na Namba 9 ya fedha. Watu huzitaja mbili hizi, kuhamishwa na kuvunjwa kwa halmashauri, kama habari mbalimbali. Mimi naona ni habari moja. Halmashauri ikiondoka, mwenye nyumba hubaki hana mlango wa kubisha.

Wengine watasema, “Lakini sisi wanyonge tutafanya nini juu ya sheria?” Nitawapa habari ya watu wawili, baba na mwana, wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba huko Mbulu: Lohay Akonaay na Joseph Lohay. Walipoteza ardhi yao ya kimila wakati wa Operesheni Vijiji. Mwaka 1987 walifungua kesi Arusha kuidai ardhi hiyo, wakashinda. Basi ikaja sheria ya mwaka 1992 juu ya ardhi ya vijiji vilivyoundwa, ikasema haki za kimila zilizokuwako kabla ya vijiji hivyo zimefutwa, kesi zake zisiendelee mahakamani, na hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Fikirini! Mtu ameshinda kesi, kisha karatasi yatoka na kusema ushindi wako si kitu.

Wale wawili hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu wakasema sheria hiyo yapingana na Katiba, nayo ikakubaliana nao. Serikali ikakata rufani, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikasema kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, nayo yalindwa na ibara ya 24 ya Katiba kama mali nyingine. Sehemu kubwa za sheria ile zikaanguka. Kila mtu hapa mwenye shamba lisilo na hati, alilorithi kwa babaye, anasimama juu ya hukumu hiyo, ajue asijue.

Lakini angalieni pia gharama yake. Tangu kushtaki mpaka hukumu ya mwisho ni miaka saba. Laiti vijiji vingi vingeliamka muswada ule ulipokuwa bado haujapita, pengine watu wale wasingehitaji kupanda mahakamani kuipinga sheria. Hapo ndipo penye neno langu la leo. Sheria ikiwa muswada hupingwa kwa maneno. Ikiisha kupita, hupingwa kwa kesi, na kesi ni nauli na wakili.

Tuje sasa kwenye nyumba. Ukimwuliza mtu wa mjini, “Sheria ya kodi ya nyumba yako imo katika kitabu gani?”, atakutajia sheria ya mwaka 1983 ya kodi ya majengo ya miji. Hajakosea. Lakini mabadiliko yote makubwa ya miaka hii hayakuja kwa jina hilo. Yalikuja ndani ya Sheria ya Fedha, ile ipitishwayo na Bunge kila mwaka mwezi wa Juni pamoja na bajeti. Mwaka 2016 Sheria ya Fedha iliondoa ukusanyaji wa kodi ya majengo katika halmashauri, ikaupa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2021 Sheria ya Fedha ikaiweka kodi hiyo ndani ya mita ya umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha ikapandisha ile ya nyumba ya kawaida kutoka shilingi 12,000 kwa mwaka kuwa 18,000. Anayengoja kusikia redioni kwamba Bunge linajadili “Sheria ya Nyumba” atangoja mpaka nywele ziwe nyeupe. Haiji kwa jina hilo.

Na kwa kuwa imekaa ndani ya mita, mambo mengi yamejificha humo. Sheria yamtaja mwenye nyumba kuwa ndiye mlipaji, lakini anunuaye umeme mara nyingi ni mpangaji. Mpangaji na mwenye nyumba wazungumze, wakatane katika kodi ya pango, wala wasigombane. Nyumba ikiwa na mita tatu, nyumba ni moja, na kodi yapasa kuwa moja. Mwenyewe na aende akatoe habari. Yuko tena mzee aliyetimiza miaka 60 asiye na kipato: sheria yamsamehe kwa nyumba anayokaa mwenyewe. Lakini msamaha haumfuati nyumbani. Mita haijui kama huyu ni mzee au kijana. Lazima aombe, na wazee wetu wengi hawaombi kwa sababu hawakuambiwa. Vijana, hii ni kazi yenu, mkaulize nyumba kwa nyumba.

Halmashauri nayo je? Ndugu zangu, mara nyingi twamlaumu diwani kwamba zahanati haina bati, na barabara ya kijiji imekatika. Wakati mwingine astahili lawama. Lakini kabla ya kumlaumu, tazameni mifuko yake. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, nasi tukashangilia, maana watu walikuwa wakikimbizwa porini kwa ajili yake. Mwaka 2016 ikaondoka kodi ya majengo, na mwaka 2017 ada ya mabango. Mwaka huohuo wa 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima asafirishaye mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaachwa apite bila kutozwa. Kwa mkulima wa maharage wa Kibondo hiyo ni habari njema, nami siitamani ile asilimia 5 irudi. Nasema tu kwamba chombo chetu kikipunguziwa chakula yatupasa kujua siku ile ile, na kuuliza: badala yake kimepewa nini? Tusipouliza Dodoma, tutaulizwa sisi hapa kwa jina la michango.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Kasulu yawapasa kulisikia kwa masikio mawili. Kasulu imekuwa Halmashauri ya Mji. Jina ni zuri, nasi tunajivunia. Lakini kijiji na mtaa si kitu kimoja. Kijiji kwa sheria ni mtu kamili: halmashauri ya kijiji yaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ndiyo isimamiayo ardhi kwa niaba ya wanakijiji, wala haiwezi kuigawa pasipo idhini ya mkutano mkuu. Serikali ikitaka kuichukua ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 kwa kazi nyingine, mkutano mkuu ndio ukubalio au ukataao. Mtaa hauna nguvu hizo. Mtaa ni mkono wa halmashauri ya mji, na mkono hauna akili yake wenyewe. Kijiji kikifanywa mtaa, mkutano ule wa chini ya mwembe utaendelea kuitishwa, na watu watanyosha mikono kama zamani, lakini juu ya ardhi hautakuwa na kauli ile ya kwanza. Sisemi tukatae mji. Nasema anayetaka hati yake ya hakimiliki ya kimila aishughulikie kijiji kikiwa bado kijiji, na akina mama waandikwe katika hati hizo, maana sheria hiyohiyo yampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Ndugu zetu wa Kibondo, mji wenu nao unapanuka. Msingoje.

Sasa, tufuateje? Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa, na miswada huchapwa humo kabla ya kufika Bungeni. Siku hizi hata simu ya kijana yaweza kuleta muswada mzima. Zamani tulikuwa na udhuru kwamba sheria ni Kiingereza. Tangu mwaka 2021 imeamriwa kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili, ingawa kutafsiri sheria za zamani ni kazi ndefu. Muswada ukisomwa mara ya kwanza hupelekwa katika kamati, na kamati huweza kupokea maoni ya watu. Huo ndio mlango. Muswada wa Fedha una mlango mwembamba zaidi, maana hotuba ya bajeti husomwa katikati ya Juni na sheria huanza kutumika tarehe 1 Julai. Siku hazifiki ishirini. Anayeanza kuutafuta Julai amechelewa mwaka mzima. Yako tena yale marekebisho ya sheria mbalimbali, yanayokusanya sheria nyingi ndani ya muswada mmoja. Humo kifungu cha mistari miwili juu ya halmashauri hukaa kama kupe chini ya mkia wa ng'ombe. Lazima kuinua mkia.

Msisahau sheria ndogo, ambazo hatungi mtu wa Dodoma bali halmashauri yetu hapa. Kabla ya kuzitunga yapaswa kuwatangazia wenyeji nia yake, nao waweza kuleta pingamizi kwa maandishi, kisha hupelekwa kwa Waziri. Tangazo hubandikwa ubaoni. Ni nani kati yetu amewahi kusimama mbele ya ubao ule akasoma mpaka mwisho? Na mtu akija sokoni kukutoza ushuru usioujua, mwulize kwa adabu namba ya Tangazo la Serikali. Mwenye haki ya kutoza ataitaja.

Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani pia. Basi mwulizeni katika baraza hilo, si harusini. Na mkutano mkuu wa kijiji, ambao hupaswa kufanyika kila miezi mitatu, uwe na ajenda moja ya sheria mpya, hata ikichukua robo saa tu, na maneno yaandikwe katika muhtasari. Neno lisiloandikwa mwenyekiti mpya hatalijua.

Bunge la bajeti huanza Aprili. Kabla ya hapo nataka kila tawi linipe jina la mtu mmoja asomaye vizuri na mwenye subira. Kibondo watoe wawili, kwa sababu vijiji vyao viko mbalimbali. Akina mama wasiachwe katika hesabu hiyo. Kila mmoja atakuwa na daftari lenye safu nne: jina la muswada, kifungu kinachotugusa, siku tuliyoujua, na nani tumemwandikia. Madaftari yako kwa katibu pale mezani, yachukuliwe leo kabla watu hawajaondoka.