Tuwapime kwa kilichobaki

Kila siku tunabishana: Nyerere au Magufuli, nani zaidi? Mimi nauliza, kilibaki nini?

Azimio la Arusha, 1967, lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, enzi za Mzee Mwinyi, kikao cha chama Zanzibar kikalegeza miiko hiyo. Kikao tu! Mikutano yetu nayo ilizuiwa 2016 kwa kauli ya Rais, ikaruhusiwa 2023 kwa kauli ya Rais.

Enzi za Kikwete, rasimu ya Jaji Warioba ilitaka miiko iandikwe kwenye Katiba. Mchakato ukakwama.

Uadilifu wa mtu mmoja huondoka naye. Ndo maana tunadai Katiba Mpya.